Anayemdai Marehemu Aione Familia

Maneno hayo aliyatamka mjomba wetu kando ya kaburi, siku tulipomzika mama, mwezi wa Juni mwaka 2021. Mchungaji alikuwa amekwisha maliza ibada, mashada yamewekwa, na watu wameanza kujipangusa mchanga miguuni. Mjomba akasimama karibu na msalaba akasema kama isemwavyo katika kila msiba wa huku kwetu, uwe wa Wakristo au wa Waislamu: kama yupo anayemdai marehemu, aione familia, na kama yupo anayedaiwa na marehemu, naye pia aione familia. Kisha akawashukuru waliojitolea magari, tukatawanyika.

Sisi watoto watatu wa marehemu tulikuwa tumeyasikia maneno hayo mara nyingi katika misiba ya wenzetu. Tuliyahesabu kuwa ya desturi tu, kama kusomwa kwa wasifu. Tulipofika nyumbani tulimkuta mtu wa kwanza ameketi tayari kwenye mkeka, karibu na mlango wa jiko, anangoja.

Tujieleze kidogo kwa wasomaji. Sisi ni wa Tumbi, Kibaha, palipo na hospitali ambayo wengi wanaoipita Barabara ya Morogoro wameisikia, hasa kwa habari za majeruhi wa ajali. Kaka yetu mkubwa ni fundi umeme. Wa katikati ni muuguzi, na ndiye aliyeshika kalamu kwa niaba ya wenzake. Mdogo wetu anafundisha watoto wa chekechea. Mama aliletwa huku akiwa bibi harusi katika miaka ya 1970, wakati Shirika la Elimu Kibaha lilikuwa bado jipya. Mradi ule ulianzishwa kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, nao ukakabidhiwa Serikali yetu mwaka 1970. Alifanya kazi ya upishi katika jiko la shule moja hadi alipostaafu, akazika fedha yake ya kustaafu katika banda la kuku wa mayai. Baba alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo mama alikuwa mjane, mstaafu na mfugaji, na tuliamini kwamba hakuwa na deni la mtu.

Aliondoka kwa kiharusi. Alikaa wodini siku tatu bila kauli. Muuguzi wetu amekaa na wagonjwa wengi katika saa zao za mwisho, na anajua kwamba baadhi yao huanza kutaja majina na fedha: fulani apewe elfu kumi zake, fulani ana baiskeli yangu. Walio karibu hudhani mgonjwa anaweweseka, humtuliza na kumwambia apumzike. Mama hakupata hata nafasi hiyo.

Wiki ya kwanza ya matanga tulifanya makosa, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Tuliona aibu. Nyumba imejaa watu, akina mama wa jumuiya wanapika, na mtu anapokuvuta pembeni akakuambia mama yako alikuwa anadaiwa, unatamani anyamaze upesi kabla jirani hajasikia. Baada ya gharama za mazishi tulibakiwa na rambirambi ya shilingi 620,000. Tukachanga nyingine 160,000 kutoka mifukoni mwetu. Kwa fedha hizo tuliwalipa watu wanne katika siku tano: fundi aliyerekebisha banda, shilingi 150,000, jirani aliyetoa mbao, 90,000, mama mmoja muuza vitenge, 240,000, na bwana mmoja aliyesema alimkopesha mama shilingi 300,000 taslimu, mkono kwa mkono, bila karatasi wala shahidi. Huyo wa mwisho alilia sana msibani. Tulimhesabia noti zake tukamshukuru kwa kuwa mvumilivu.

Fedha ikaisha. Hapo ndipo madeni yenyewe yalipoanza kufika.

Alikuja mwenye duka la chakula cha kuku na daftari lake, akatuonyesha shilingi 1,460,000. Wakaja viongozi wa kikundi cha VICOBA cha mama, nao walikuja kwa heshima, na khanga ya rambirambi, wakatuarifu kwamba mama alibakiza mkopo wa shilingi 900,000. Na siku ya tisa akaja kijana mmoja aliyevaa miwani myeusi, mkopeshaji wa ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mama alichukua kwake shilingi 500,000 wakati kuku walipopata mafua na mayai yakapungua. Sasa, kwa hesabu ya kijana yule, zilikuwa zimefika 1,150,000, na alikuwa ameshika karatasi ya mauziano ya kiwanja tulichokulia. Mama alikuwa ameiweka rehani.

Usiku ule tuligombana kama hatujawahi kugombana tangu utotoni. Kaka alisema tukope ili tulipe yote, jina la mama lisichezewe. Mume wa mmoja wetu, ambaye ni mtu mpole, alisema kwa sauti ya chini kwamba ada iliyo ndani ni ya watoto, na haitatoka. Mwenzetu akamjibu maneno makali: kwamba angekuwa ni mama yake mzazi asingesema hivyo. Hawakusemezana siku mbili. Akina mama mnaosoma mnajua siku mbili za namna hiyo zilivyo ndefu, chakula kinapakuliwa kimya kimya na watoto wanatazama nyuso.

Hata hivyo swali la shemeji halikuwa la uchoyo. Mwalimu Nyerere aliliuliza kwa niaba ya nchi nzima katika miaka ya 1980: je, tuwaache watoto wetu na njaa ili tulipe madeni? Nchi yetu ilikuja kupewa msamaha mkubwa wa madeni mwaka 2001 chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, baada ya makanisa na watu wengi duniani kupiga kelele. Mtu binafsi hana wa kumpigia kelele. Lakini tuligundua baadaye kwamba naye ana utaratibu unaomlinda. Sisi tulikuwa tumeuruka kwa haraka yetu.

Aliyetuzindua ni mama mkubwa, dada wa marehemu, mwanamke wa shule ya darasa la nne. Alitusikiliza tukigombana, akauliza, "Kwani mmekwisha hesabu alichoacha?" Hatukuwa tumehesabu. Tulijua wanaodai, hatukujua kilichopo. Akatukumbusha habari ya yule mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, aliyekuwa karibu kunyang'anywa wanawe kwa deni la marehemu mumewe. Tumefundishwa habari hiyo tangu shule ya Jumapili, na kila mara tulikumbuka mafuta tu. Mama mkubwa alikumbuka swali la Elisha. Nabii, kabla ya muujiza wowote, alimwuliza mjane ana nini nyumbani. Na mafuta yalipojaa, agizo lilikuwa ni kuuza, kulipa deni, kisha ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mfuatano huo ndio tulioukuta mahakamani.

Tulikaa kikao cha ukoo baada ya arobaini. Kikamteua muuguzi wetu awe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa na kutiwa saini na wote waliohudhuria. Tukachukua cheti cha kifo cha RITA na barua ya Serikali ya Mtaa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Hapa inafaa msomaji ajue jambo moja. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ambayo sheria yake ni ya kimila au ya Kiislamu. Nyingine hupelekwa ngazi za juu. Kwa Mkristo huangaliwa aliishi maisha ya namna gani, kwa hiyo ni vema kuuliza kwanza kabla ya kufungua, usije ukalazimika kuanza upya. Yetu ilipokelewa. Tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya kungoja tukapata barua ya usimamizi mwezi wa Oktoba.

Karani wa pale alitueleza kwa uvumilivu mambo ambayo tungeyajua mwezi wa Juni yangetuepusha na mengi. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha marehemu. Gharama za mazishi na za kufungua mirathi hutangulia, madeni hufuata, na urithi ndio wa mwisho. Mtoto halazimiki kuuza mali yake mwenyewe kulipa deni la mzazi, isipokuwa kama yeye mwenyewe alitia saini ya kumdhamini. Ila msimamizi akikimbilia kuwagawia ndugu urithi na kuwaacha wadai, anaweza kudaiwa yeye binafsi. Tena ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa kurudisha mahakamani Fomu Namba V, yenye orodha ya mali zote na madeni yote ya marehemu, na baadaye Fomu Namba VI inayoonyesha jinsi kila kitu kilivyotumika. Tulirudi nyumbani na fomu ile tupu, tukafungua sanduku la mama.

Ndani ya sanduku, chini ya khanga za kanisani, lilikuwamo daftari la kuku.

Ni daftari la shule la kurasa 96, lenye jalada la bluu lililopauka. Mama aliandika mayai ya kila siku, chakula kilichonunuliwa, dawa, vifo vya kuku, na majina. Mwandiko wake ulikuwa wa kukandamiza kalamu, na hakumaliza maneno. Ilitugharimu jioni tatu kulisoma. Yule mama wa vitenge alikuwa amekwisha lipwa kidogo kidogo kwa trei za mayai, amebakiza shilingi 60,000 tu. Sisi tulikuwa tumempa 240,000. Yule bwana aliyelia msibani hakuwamo popote, katika ukurasa wowote, kwa miaka mitatu. Mama aliyeandika hata shilingi 500 ya kiberiti asingeliacha deni la laki tatu. Tulijumlisha tukaona kwamba kwa kuona aibu tulikuwa tumetupa shilingi 480,000.

Mama wa vitenge tulimfuata. Alikana, kisha akasema labda alisahau, kisha akatoa vitenge viwili vya pole. Yule bwana amehama.

Mwenye duka la chakula cha kuku alikuwa mtu wa namna nyingine. Tuliweka daftari lake na la mama mezani, mstari kwa mstari. Kulikuwa na malipo ya shilingi 320,000 ambayo mama aliyaandika kwa tarehe na duka halikuwa nayo. Alimwita kijana wake wa dukani, wakatafuta, ikaonekana ni kweli, yaliingizwa kwenye jina la mteja mwingine. Akaomba radhi. Deni likawa 1,140,000. Tungelipa kwa haraka siku ile ya kwanza tungelipa yote, naye pia asingelijua kwamba ametudhulumu.

Kwa mkopeshaji wa kausha damu tulikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Hatukukana kwamba mama alikopa. Tuliomba mambo mawili: mkataba wenye saini ya mama, na leseni, kwani tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mtu anayefanya biashara ya kukopesha anapaswa kuwa nayo. Akasema leseni iko ofisini. Tukamwambia tutangoja. Alirudi baada ya wiki mbili, hakuleta leseni, alileta bei mpya. Mama alikuwa amerejesha shilingi 200,000, kijana mwenyewe akakiri. Mbele ya mwenyekiti tukakubaliana 300,000 iliyobaki katika fedha halisi aliyomkopesha, tukaandikishana, na siku ya malipo akaturudishia karatasi ya kiwanja. Ile miwani alikuwa ameivua.

VICOBA ndiyo ilituuma zaidi. Mama alikuwa na hisa za shilingi 540,000, zikakatwa katika mkopo, ikabaki 360,000. Fedha hiyo haikuwa kubwa kuliko nyingine. Lakini mkopo ulikuwa na wadhamini watatu, akina mama wa rika lake na mmoja kijana mwenye watoto wadogo, na kama sisi tungesita wangelipa wao. Yule mdogo alikuja peke yake jioni, akajifanya kuleta mboga. Kumbe mumewe hakujua kwamba amemdhamini mtu. Alikuwa hali, halali. Alituomba tu tumwambie ukweli, kama tutalipa au la, ajue jinsi ya kumwambia mumewe. Tulimwahidi, naye akalia akiwa ameshika fungu lake la matembele.

Mama mwenzetu, unapotia saini chini ya jina la rafiki yako katika kikundi, umekopa. Kwa kadiri tuonavyo sisi, jambo hilo halifai kufichwa ndani ya nyumba. Wala halifai kufanywa kinyume chake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na bado tunawajua wanawake walioletewa karatasi wakiwa jikoni, mikono ina unga, wakatia saini bila kusoma.

Na hatusemi haya kama watu safi. Jioni ya tatu ya lile daftari, mmoja wetu, ambaye hatumtaji, alisimama akaenda kumweleza mumewe kwamba ana mkopo wa simu anaouzungusha tangu mwaka uliopita, anakopa wa leo kulipa wa jana. Mume alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni kiasi gani. Ilikuwa shilingi 85,000. Alikuwa amejiandaa kusikia laki nane.

Kulikuwa pia na bahasha ya ahadi ya ujenzi wa kanisa. Mama aliahidi 200,000 akatoa 120,000. Mdogo wetu alitaka tuiandike kwenye fomu ya mahakama pamoja na madeni mengine. Tulimwuliza mchungaji, akacheka, jambo ambalo halikuwa limetokea katika nyumba yetu kwa miezi kadhaa, akasema Mungu hafungui kesi ya mirathi. Tukitaka kutoa, tutoe kwa jina letu na kwa wakati wetu. Hatujamaliza kuitoa.

Upande wa wanaodaiwa na marehemu ulikuwa mfupi. Katika daftari tulikuta trei za mayai zilizokopeshwa kwa mama ntilie na wenye vibanda, jumla yake shilingi 310,000. Siku ya maziko tangazo lilikuwa la pande zote mbili, na upande huu hakuja hata mtu mmoja. Tulizunguka na daftari tukapata 84,000. Mmoja alituambia kwamba mama alimsamehe. Huenda ni kweli, kwani alikuwa na tabia hiyo.

Ukurasa uliobaki ndio uliotusumbua. Kila mwisho wa mwezi, kuanzia Februari, mama alikuwa ameandika neno moja, "mwanangu," na mbele yake namba: 1, kisha 2, kisha 3. Mwisho wa Mei akaandika 4. Tulidhani ni trei. Mwanangu, trei nne. Basi ni nani kati yetu aliyechukua mayai bila kulipa? Kaka akaapa si yeye. Mdogo wetu akakiri trei moja ya Pasaka. Tukacheka, tukatia alama ya kuuliza, tukaendelea.

Ni yule jirani wa mbao aliyekuja kutufumbua macho, na hakujua kama anatufumbua. Alikuwa amekaa barazani anaeleza jinsi mama alivyompenda kijana wake wa kuku. Akasema, "Mama yenu hakumwita kwa jina lake hata siku moja. Kila saa mwanangu, mwanangu."

Tulitazamana.

Kijana yule alitoka Maneromango, Kisarawe. Alikaa na mama mwaka mmoja na nusu, akilala katika chumba kidogo kando ya banda, analisha kuku, anaokota mayai, anapeleka trei kwa baiskeli hadi Mailimoja. Mshahara wake ulikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Kuku walipougua mama alishindwa kumlipa, akawa anaandika. Yeye ndiye aliyemkuta mama ameanguka mlangoni mwa banda, akambeba. Wakati wa msiba alichota maji, alipasua kuni, alilala nje na wanaume. Na baada ya matanga kaka alimwambia kwamba tutawahudumia kuku wenyewe, akampa nauli, akaondoka na begi lake. Hakudai. Alituambia tu, "Poleni sana." Tulikuwa tumemlipa mtu aliyelia vizuri, na kijana huyu tulimpa nauli.

Baadaye tuliulizana kwa nini hakusema. Mdogo wetu alisema labda aliona haya kudai mbele ya maiti. Muuguzi wetu hakubaliani. Huko wodini nako mgonjwa anayepiga kelele hufikiwa mapema, na yule aliyegeukia ukutani ndiye wa kumtazama haraka. Jambo hilo amewafundisha wanafunzi wa uuguzi kwa miaka, na nyumbani kwake hakulitumia.

Tuliandika kila kitu kwenye Fomu Namba V. Mayai yalikuwa yamelipia chakula cha kuku muda wote wa kungoja. Mwezi wa Novemba tukauza kuku 210 kwa shilingi 9,000 kila mmoja, tukapata 1,890,000. Vyombo vya kulishia na vya maji tuliuza kwa 150,000. Pamoja na zile 84,000 za mayai, jumla ikawa 2,124,000. Madeni yaliyobaki yalikuwa manne: duka 1,140,000, VICOBA 360,000, mkopeshaji 300,000, na kijana 320,000. Yaani 2,120,000. Zikabaki shilingi 4,000. Kiwanja na nyumba havikuguswa, na ada ya watoto ililipwa tarehe yake. Shemeji hakusema neno la kujisifu, alinunua soda.

Kwenda Maneromango tulikwenda wote watatu. Tulipanda magari hadi Gongo la Mboto, tukapita Pugu hadi Kisarawe, na pale tukapata gari la kuingia ndani, limejaa magunia na kuku wa watu wengine. Tulifika saa nane mchana. Bibi yake alikuwa anamenya mihogo chini ya mkorosho. Aliposikia tumetoka Tumbi alisimama akatupa pole ya msiba upya, moja moja, kwa kila mmoja wetu, kana kwamba mama amefariki jana, akatuma mtoto amwite kijana shambani.

Alikuja na panga mkononi, akaliweka mbali kabla ya kutuamkia. Tulimwonyesha daftari, mahali palipoandikwa. Alisoma, akatabasamu kwenye lile neno, hakusema kitu. Kaka ndiye aliyeomba radhi, naye si mtu wa kuomba radhi. Tulimkabidhi shilingi 320,000, akatia saini kwenye karatasi yetu ya mahakama kwa herufi kubwa, akampa bibi yake fedha zote azifunge kwenye pindo la khanga.

Tulikula mihogo. Tulipokuwa tunaaga ndipo alipouliza habari za kuku, kama yule mtetea mwenye kilema cha mguu bado anataga. Tulimwambia tumewauza wote. Akasema alidhani hivyo.